Rozari Yenye Kifungo cha Shati

Wewe unayesoma, rozari yako iko wapi sasa hivi?

Usijibu haraka. Usiniambie iko kwenye droo kwa sababu ndimo ulimoiweka mwaka juzi. Inuka ukaangalie. Kama huna rozari, basi msalaba, skapulari ya kitambaa ya kuvaa shingoni, medali ya ubatizo, chochote kilichobarikiwa na kushiba jasho lako. Ukikikuta, rudi tuendelee. Usipokikuta... rudi vilevile, tena upesi, maana habari hii ni yako kuliko ya mwingine yeyote.

Kulikuwa na binti mmoja waliyemwita Digrii. Wala hawakumwita hivyo kwa heshima. Alisoma kemia miaka minne, akafaulu, akapigwa picha amevaa joho. Picha ikatundikwa sebuleni juu ya cherehani ya mama yake, mahali palipokuwa na ufa, na hiyo ndiyo faida pekee ambayo digrii ile imewahi kuleta nyumbani: kuficha ufa. Alituma maombi mpaka mwenye duka la fotokopi akawa anamsalimia kwa kumuuliza, "Vyeti vilevile?" Kila ofisi ilitaka uzoefu. Uzoefu unapatikana kazini, na kazi inapatikana kwa uzoefu. Atakayekuonyesha mlango wa nyumba hiyo uko upande gani, mshike mkono usimwachie.

Siku moja Mwenyekiti wa halmashauri ya parokia alimwita.

"Binti yetu, wewe si ulisomea mambo ya moto?"

"Kemia, Mzee."

"Hayohayo. Tuna nafasi ya volunteer. Utajenga CV."

"Nitapewa barua?"

"Barua inakuja. Ofisi ina process yake. Anza tu."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kitu kilichobarikiwa hakitupwi jalalani. Kinachotengenezeka kinatengenezwa. Kisichotengenezeka kinachomwa, na majivu yake yanazikwa mahali pasipokanyagwa na mtu. Kisichoungua, kama chuma au plasta, kinavunjwa mpaka kisijulikane kilikuwa nini, ndipo kinazikwa. Basi. Hata mtoto wa komunyo ya kwanza analielewa hilo.

Sakristani wa zamani, mtunza vyombo vya ibada, babu mmoja mwenye ndevu kama brashi ya viatu, aliifanya kazi hiyo miaka thelathini, na alikuwa na sharti moja tu. Kitu kiletwe na mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe, na aseme kwa kinywa chake: "Kimenitumikia, sasa kipumzike." Mgonjwa, babu alimfuata kitandani. Marehemu, walikuja ndugu zake wawili. Watu wakamwona msumbufu. Halmashauri ikaona anachelewesha mambo. Wakamstaafisha kwa makofi na soda, wakachomelea sanduku la chuma, wakaliweka getini kando ya barabara. Juu tundu, mbele maandishi meupe: VITU VITAKATIFU VILIVYOCHAKAA. TUMBUKIZA HAPA.

Haulizwi mtu. Haandikwi mtu.

"Mambo ya kisasa," alisema Mwenyekiti siku ya uzinduzi, akakata utepe. Sanduku la taka takatifu, na utepe lilikatiwa!

Digrii akaanza. Alasiri alikaa stoo, nyuma ya sakristia, na koleo lake na waya, akiunga rozari zilizokatika, akigundisha pua za malaika. Mle stoo alikuwamo Mtakatifu Yosefu wa plasta, mkono umekatika kwenye kiwiko, na Digrii alizoea kumsemesha. "Wewe angalau ulikuwa na fani inayolipa, Mzee." Magharibi alitoka uani, akawasha pipa lenye matundu, akachoma visivyotengenezeka. Alichoma magharibi kwa sababu mchana dobi wa jirani alilalamika kwamba moshi unaingia kwenye mashuka yake.

Mwanamke mmoja alianza kuja mwezi wa saba wa kazi hiyo.

Hakutumia sanduku. Alikuja moja kwa moja kwenye pipa. Mtu wa makamo, gauni la kijivu, sauti ya mtu anayeongea karibu na mtoto aliyelala. Alikuwa na harufu ya mshumaa uliozimwa sasa hivi. Siyo mshumaa unaowaka, la. Ile harufu ya utambi, baada ya mtu kupuliza. Vitu vyake alivileta ndani ya kitambaa cheupe kilichofunika mikono yake yote miwili, na kila mara alisema neno moja.

"Pokea, mwanangu."

Mara ya kwanza ulikuwa msalaba wa mti, mdogo kama kidole, wenye unga kwenye nyufa zake. Digrii akaupokea, akautia motoni. Mara ya pili ilikuwa skapulari ya kahawia, imejaa vumbi la chaki. Akaipokea, akaitia motoni.

Ijumaa iliyofuata ule msalaba akafa mwoka mikate wa mtaa ule. Walisema alilia joto siku nzima, akajimwagia maji ndoo kwa ndoo, huku akipapasa shingoni pale msalaba wake ulipokuwa. Ijumaa iliyofuata skapulari akafa mwalimu wa darasa la tatu. Alifungua madirisha yote ya darasa, mvua ikaingia, watoto wakalowa, na bado akasema anaungua.

Digrii alisikia habari zote mbili. Akasema pole, akaendelea na koleo lake. Watu wanakufa. Yeye ni mwanakemia.

Sasa, Jumanne ile.

Ilikuwa siku ya manyunyu, baridi ya kuvaa sweta mbili. Digrii alipita nyumbani kuchukua kiberiti, akamkuta mama yake amepindua kikapu cha vitambaa sakafuni. Mama yake alikuwa fundi cherehani, mwanamke mwenye mdomo mkali kuliko mkasi wake, na kifua kilichomsumbua tangu zamani.

"Wewe msomi, umeiona rozari yangu?"

"Ipi, mama?"

"Nina ngapi? Yenye kifungo!"

Rozari ile ilijulikana parokia nzima. Punje ya tatu ya kumi la pili ilipotea kabla Digrii hajazaliwa, na mama akaishonea mahali pake kifungo cha shati la marehemu mume wake. Kifungo cheupe cha matundu manne. Alipokifikia kwenye sala, sauti yake ilishuka kidogo, kisha ikapanda tena.

"Utakuwa umeiacha kanisani."

"Mimi si wewe unayeacha vitu ovyo. Jana ilikuwa chini ya mto wangu." Mama akachukua kipande cha pateni, karatasi ya kukatia nguo, akajipepea. "Halafu hili joto la leo nalo jamani..."

Digrii akasimama na kiberiti mkononi.

"Joto gani, mama? Mimi natetemeka."

"Joto! Kwani nasema Kilatini? Hapa." Akajigusa kifuani. "Kama mtu ameniwekea pasi." Kisha akasonya. "Nenda bwana, usinikodolee macho kama nimeshakufa. Nenda kafanye hiyo kazi isiyo kazi."

Akaenda. Njiani alijieleza kisayansi kuhusu homa. Alipofika getini alikuwa ameshakubaliana na nafsi yake. Akafungua sanduku, akatoa vilivyokuwemo, akapita uani, akawasha pipa.

Manyunyu yalikatika. Mwanga ulibaki kidogo, ule wa kijivu unaofanya ukuta na mtu vifanane. Upepo ulivuma kutoka kanisani kwenda barabarani, na miali ikalala kufuata upepo.

Halafu ikageuka.

Moto wote uliinama kuelekea ukutani. Ukapingana na upepo. Ukainama kama watu wanavyoinama kengele ikilia.

Tik... tik... tik...

Punje, moja baada ya nyingine, zikigongana taratibu.

Na harufu ya utambi.

"Pokea, mwanangu."

Alikuwa ameshasimama karibu na pipa. Gauni lilelile la kijivu. Kitambaa kilekile kwenye mikono. Na juu ya kitambaa, imekunjwa vizuri kama nguo iliyopigwa pasi...

Kifungo cheupe. Matundu manne.

Wenzangu, kuna hofu inayokimbiza miguu, na kuna hofu inayopanda kichwani ikifika inageuka hasira. Digrii alikuwa na hasira za miaka mitatu ya kutafuta kazi zimelala tu, zinangoja mahali pa kukaa. Mkono wake, kwa mazoea, ulikuwa umeshanyooka nusu. Akaurudisha.

"Cha nani hiki?"

"Kimechakaa."

"Sijauliza hali yake. Nimeuliza cha nani."

Ilionekana swali hilo halijamfika mwanamke kwa muda mrefu. Kisha, kwa sauti ileile ya chini:

"Sanduku haliulizi."

"Mimi si sanduku."

Tik.

"Mwenyewe amechoka," mwanamke akanong'ona. "Kifua kinamsumbua. Mpumzishe, mwanangu. Ni huruma."

"Mwenyewe nimemwacha nyumbani anasonya. Mtu anayesonya vile hajachoka hata kidogo." Digrii akanyoosha kidole kwenye pipa. "Mwoka mikate alichoka? Mwalimu alichoka? Alikuwa na watoto arobaini darasani, alikwambia saa ngapi kwamba amechoka?"

Mwanamke alisogea hatua moja. Kitambaa kikakaribia mdomo wa pipa, na Digrii akaona punje moja, jirani ya kifungo, imeanza kuwa nyeusi upande mmoja. Ilikuwa imeshaonjeshwa moto. Kule nyumbani mama anajipepea na pateni...

"Basi tupa mwenyewe," Digrii akasema. "Moto huo hapo. Tupa."

Mwanamke hakutupa.

"Tupa! Unaogopa nini?"

"Mkono wangu hauruhusiwi." Alilisema kwa huzuni, kama mtu anayekiri kasoro ya mwili. "Lazima upokee mkono uliopewa kazi. Wewe ndiye uliyepewa kazi. Pokea."

Hapo Digrii akacheka.

Kicheko kilimtoka kibaya, kikavu, cha mtu aliyerudishiwa bahasha zake zote. Hata moto ulitikisika.

"Kazi? Mimi? Hebu subiri kwanza, mama, tuelewane. Kazi gani? Barua ya kazi ninayo? Nimeiomba miezi saba. Mkataba ninao? Jina langu liko kwenye orodha gani? Nenda ofisini kaulize, watakwambia hawanijui. Siku ya wafanyakazi wa parokia walinipa mop nideki ukumbi, wenyewe wakaingia kula. Mimi ni jobless, mama. Jobless kabisa, mwenye cheti. Huu mkono unaouona haujapewa kazi na mtu yeyote chini ya jua hili."

Mwanamke akarudi nyuma nusu hatua.

"Kwa hiyo mchomaji wa parokia hayupo hapa. Aliyepo ni mtoto wa mwenye rozari. Naipokea kama mtoto wake, na naipeleka nyumbani kutengenezwa."

Akaikwapua.

Ilikuwa ya moto kama kikaango. Akakaza vidole. Kitambaa kikavutika, kikaanguka, na mikono ya mwanamke ikabaki wazi kwenye ule mwanga wa mwisho.

Ilikuwa myeupe. Laini. Viganja havikuwa na mstari hata mmoja. Havikuwa viganja vya mtu aliyewahi kushika kitu chochote kikawa chake.

Mwanamke aliitazama mikono yake kabla Digrii hajamaliza kuitazama. Kisha akaificha nyuma, kwa aibu. Na aibu ile, Digrii alisema baadaye, ndiyo iliyomtisha kuliko yote.

"Watakupa barua," mwanamke akanong'ona. "Nitawaambia wakupe barua."

Moto ukainuka, ukalala tena kufuata upepo. Uani hapakuwa na mtu.

Nyumbani alimkuta mama amevaa sweta.

"Baridi hii itatuua," mama akasema. "Na huo mkono umeufanya nini?"

Digrii alikaa chini ya taa na koleo, akafungua waya, akaunga upya pete mbili zilizolegea. Punje nyeusi aliiacha. Mama alikataa itolewe. "Imeungua, haijafa," alisema. "Iache hapohapo."

Kesho yake asubuhi Digrii akaenda kwa babu sakristani. Alimweleza yote, na babu hakushangaa hata mara moja. Aliendelea kupaka viatu vyake rangi.

"Kwangu alikuja miaka thelathini," babu akasema. "Kila mara nilimuuliza: mama, cha kwako ni kipi? Leta cha kwako, nitakipokea kwa mikono miwili. Hana. Anaondoka."

"Ni nani, babu?"

"Sijui."

"Ni mtu? Ni mchawi? Kuna anayemtuma?"

"Mjukuu wangu, ningejua ningekwambia, nife nikiwa mwepesi. Nilijua tu swali linalomfukuza." Akaweka brashi chini. "Na swali hilo ndilo walilolistaafisha."

"Mimi nilimpokelea mara mbili."

Babu hakumwambia usijali. Hakumwambia si kosa lako.

"Basi sasa unajua uzito wake," akasema.

Digrii aliporudi uani, Mwenyekiti alikuwa anamsubiri mlangoni pa stoo. Suti, viatu vya kung'aa, bahasha ya kaki mkononi. Mvua ilikuwa inanyesha, na yeye alikuwa analowa kwa jasho.

"Congratulations, binti yetu! Barua yako hii hapa. Ina mhuri. Weka sahihi tu, kazi ni yako. Mchomaji rasmi wa parokia."

Miezi saba. Miezi saba alikuwa ameiota bahasha ile, rangi yake, mhuri wake, jinsi atakavyoiweka juu ya meza mbele ya mama.

"Nani amekukumbusha barua yangu, Mzee?"

"Eh? Kuna mama mmoja alikuja jana jioni ofisini. Mpole sana. Akasema ni aibu kukuacha bila barua, nikaona kweli." Akafungua tai. "Hivi hapa kuna joto au ni mimi?"

"Alikupa mkono?"

"Nani?"

"Huyo mama. Mlisalimiana kwa mkono?"

Mwenyekiti akafikiri. "Alikuwa... amebeba kitambaa."

Digrii aliangalia mkono wa kushoto wa Mwenyekiti. Kwenye kidole cha pete palikuwa na alama nyeupe, nyembamba, ya kitu kilichokaa pale miaka ishirini na sasa hakipo.

"Pete yako ya ndoa iko wapi, Mzee?"

"Iko... nitakuwa nimeiacha bafuni. Kwani wewe ni mke wangu? Weka sahihi, please, nina kikao."

"Siweki."

"Unasemaje?"

"Nimesema siweki. Rudi na barua yako."

Kwanza hakuamini. Kisha akakasirika. Kazi ngapi ziko nje? Wangapi wanaitaka? Hawa vijana wa siku hizi! Akaiweka barua juu ya benchi, mbele ya Yosefu asiye na mkono, akaondoka anajipepea na faili.

Digrii akaenda getini, akafungua sanduku.

Siku zote huwa na vitu vitano, sita. Siku ile lilifunguka, vitu vikamwagika. Rozari nzima, zisizokatika. Medali zinazong'aa. Skapulari zenye joto la mwili bado. Vitu vya watu wanaopumua, watu aliowasalimia asubuhi ileile njiani. Na chini kabisa, imefungwa kwenye kona ya kitambaa cheupe, pete ya ndoa yenye tarehe ndani yake. Upande mmoja imeanza kuwa nyeusi.

Alituma neno kwa Mwenyekiti: njoo uchukue. Mwenyekiti akajibu kwa kumtuma katibu: yuko kwenye kikao, anajisikia vibaya kidogo, vichomwe vyote, utaratibu ni huohuo.

Basi Digrii alimwaga maji kwenye pipa mpaka likalia. Akapanga vitu vyote kwenye meza ndefu ya stoo, kimoja kimoja, mwenye nacho apite akione. Tangu hapo watu wanakuja. Wengine wanacheka, wengine wakiona medali yao wanakaa chini ghafla. Kila mmoja anaulizwa, anajibu, anachukua kwa mkono wake. Mama wa Digrii amehamishia cherehani yake mlangoni hapo, na usipotaja ni cha nani, utajuta kufungua mdomo. Anakohoa kidogo. Anapofika punje ile nyeusi, anasema, huwa anasikia harufu ya utambi.

Na kila magharibi, moto ukiwa haupo, majivu ndani ya pipa huinama upande wa ukutani.

Kwa hiyo neno hili ni lenu, wenye mihuri. Lile sanduku ling'oeni leo. Mrudisheni babu na swali lake. Mtuambie mbele ya watu wote, siku ya Jumapili na siyo kwenye kikao, mlimwandikia nani barua ile na kwa ajili ya nani. Na wewe, Mwenyekiti, pete yako iko mezani, ya tatu kutoka kulia, na weusi umeshafika nusu. Usimtume katibu.

Njoo uichukue kwa mkono wako mwenyewe.